Ushauri: wageni wa ndege Oktoba, niwapeleke Kanyaboli au mashamba ya mpunga?

MtoWaNzoia
Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa haraka, siku zinakimbia. Nina wageni wawili, mume na mke, wastaafu kutoka Uholanzi, wanakuja wiki ya pili ya Oktoba kuangalia ndege. Huko kwao majani yanapukutika na baridi inaingia, ndege wa matopeni wanahama kuja huku, nao wanataka kuwaona mahali wanapofikia. Amana wameshatuma. Nawaza kati ya Dunga pale Kisumu, ziwa Kanyaboli na mashamba ya mpunga huku kwetu Budalangi, chini ya mto Nzoia. Moyo wangu uko mashambani. Asubuhi moja tu unapata vitwitwi, chamchanga, sululu, korongo wa kila aina, na hulipi mwenye mashua. Ila nina wasiwasi kidogo. Pia darubini yangu jicho moja limeingia ukungu. Mwenye uzoefu anisaidie, ninunue ipi?

MzeeWaMenengai
Kijana wangu, nimebeba wageni Nakuru miaka mingi. Usimwahidi mgeni ndege. Zamani ulikuwa unasimama juu ya ule mwamba wa nyani, ukitazama chini ziwa lote ni waridi. Maji yakaanza kupanda, geti kuu la zamani likamezwa, chumvi ikapungua ziwani, na ule mwani wa kijani ambao ndio chakula cha heroe ukapungua nao, wakahamia Bogoria na kwingineko. Mgeni anashuka garini na picha ya kalenda kichwani, wewe unamwonyesha mwari na nyati. Kuna mama mmoja aliniuliza kama nimewafungia mahali ili alipe zaidi. Siku hizi naenda Elmenteita moja kwa moja. Mwari weupe wanataga pale, na ukingoni ndege wa Ulaya wanajaa kuanzia Septemba. Wapeleke Elmenteita.

NyarDunga
Mzee wangu, huyu yuko Budalangi. Elmenteita kwake ni safari ya kutwa nzima.

Ndugu, waanzishe Dunga. Saa kumi na mbili asubuhi uwe ndani ya mashua, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Zima injini, mwenye mashua asukume kwa mti, kaa kimya kando ya mafunjo. Kuna yule gonoleki wa mafunjo, mweusi mgongoni, tumbo jekundu kama shati jipya la skuli, utosi wa manjano. Ndege wa Ulaya wageni wako wanawaona kila mwaka kwao. Gonoleki hawamwoni huko hata wakilipa.

Na hebu rudi nyuma. "Wasiwasi kidogo" wa nini? Umetaja ukapita.

KasukuMjanja
Wasiwasi wake ni tumbo. Mimi ningewapeleka jalalani tu Kisumu, kongoti wamesimama pale kama madiwani wakingoja posho. Hakuna kiingilio.

MpungaKano
Nyinyi mnaongea ndege kama watu ambao wali hawaupandi, wanaupakua tu. Mwaka 2023 kwelea waliingia mpunga wetu huku Kano, tukapiga mabati alfajiri mpaka giza, watoto shambani badala ya shule, mpaka serikali ikaja kunyunyiza dawa. Hakuna mgeni mwenye darubini aliyekuja kutupa pole. Nikisikia "ndege wengi mashambani" mimi nashika kombeo.

MtoWaNzoia
Asanteni wote. Mzee, nimekusikia. Dada wa Dunga, wasiwasi ni wa mambo ya pale pale tu, si mabaya. Watu wa pale ni wazuri. Jamani darubini, hakuna aliyejibu.

MamaWafula
Mwanangu, mtu akisema "si mabaya" kabla hajaulizwa, mimi navua miwani nimtazame vizuri. Mambo gani?

NyarDunga
Darubini chukua ya nane kwa arobaini na mbili, iliyotumika, ujaribu macho yote mawili kabla ya kulipa. Haya, nimejibu. Sasa mjibu mama.

MtoWaNzoia
Sawa. Mjomba wangu, ndugu ya mama, anatega ndege pale. Si yeye peke yake, wako kadhaa. Wanatumia dawa. Lakini nimeshaongea naye, amekubali kusimama wiki hiyo yote mpaka wageni waondoke. Kwa hiyo hakuna kitakachoonekana. Na kabla hamjanirukia, yule mzee amesomesha watoto wanne kwa kazi hiyo, mmoja ni mwalimu. Swali langu lilikuwa njia ya kupita shambani, si maisha ya mjomba.

KasukuMjanja
Mjomba amechukua likizo. Barua ya likizo inapelekwa kwa nani, kwa korongo?

MamaWafula
Wiki hiyo yote! Na wiki inayofuata? Hao viumbe wametoka mbali kupita mimi na wewe tulivyowahi kusafiri, wamevuka jangwa, wanafika kwetu wanakaribishwa na sumu. Halafu nyama inauzwa kwa nani? Kwa jirani. Mtoto wa jirani.

FundiSimuBusia
Mama amegusa penyewe. Nilikula bata mwitu wa kukaushwa, nilinunua barabarani, bei nzuri. Nusu saa mate yanatoka yenyewe, macho yanaona maji, magoti hayanibebi. Hospitali daktari aliuliza swali moja tu: umekula ndege? Wauzaji wanasema ukitoa matumbo mapema sumu imeisha. Haijaisha. Ile dawa inashika mishipa ya fahamu, iwe ya ndege iwe ya mtu. Mtengenezaji mwenyewe aliiondoa madukani Kenya mwaka 2009, baada ya makelele ya simba waliouawa nayo, na mambo ya sumu kwenye mpunga wa Bunyala, huko huko Budalangi, yameandikwa tangu miaka hiyo. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Bei nzuri, basi.

MpungaKano
Angalau mjomba anapunguza wala mpunga.

NyarDunga
Korongo hali mpunga, baba. Domowazi, yule korongo wa mpungani, anakula konokono. Waulize wakulima wa mpunga wa Mwea wanavyolia na konokono tangu 2020, miche inakatwa usiku, asubuhi shamba ni maji matupu. Wangeshukuru kupata domowazi mia.

MzeeWaMenengai
Kijana, niongeze la kazi. Wageni wa ndege si kama watalii wa simba. Simba akionekana wanapiga picha wanarudi kwa chakula. Hawa wa ndege wanasimamisha darubini ya miguu mitatu na kukagua tope futi kwa futi. Uzi wa kamba wataona. Manyoya yaliyonyonyolewa nyuma ya tuta wataona. Na jioni hiyo hiyo wanaandika orodha yao mtandaoni: mahali, saa, ndege wangapi. Pia wanatazama miguu. Ndege wengi wa Ulaya wamevishwa pete zenye namba na jina la nchi, ukisoma namba ukaituma, unaambiwa alivishwa wapi na lini. Hao wawili lazima watakuuliza kuhusu pete.

MtoWaNzoia
Wameshauliza. Kwenye barua pepe ya pili.

MamaWafula
Ukajibu nini?

MtoWaNzoia
Sijajibu bado. Mjomba anazo tatu kwenye mkebe wa majani chai. Moja imeandikwa Holland.

JichoLaTai
Nimekuwa kimya nikisoma. Sasa imetosha. Wageni wa Uholanzi, pete ya Holland! Katika nchi zote ambazo ndege wanatoka, ikawa hiyo hiyo. Akaunti ilifunguliwa juzi. Kiswahili kimenyooka, habari inatolewa kijiko kwa kijiko, kila mkiuliza anaongeza chumvi. Mada ya namna hii ilipita hapa, wakati huo ilikuwa Mwea na badala ya mjomba alikuwa shangazi. Hili ni andiko la kuomba ufadhili, mnalisahihisha bure. Kama ni kweli, weka picha ya pete.

KasukuMjanja
Mimi tangu "darubini imeingia ukungu" nilihisi harufu ya semina hotelini.

FundiSimuBusia
Kwa hiyo na mate yangu nilitunga?

JichoLaTai
Sijasema wewe. Nimesema yeye.

MtoWaNzoia
Picha siweki, ina namba. Namba ikitumwa wanauliza ndege alipatikana wapi na alikufaje. Nitaandika nini?

Na wewe Jicho, unataka kujua kama ni kweli. Kazi inaanza kabla ya jua, konokono wakiwa bado juu ya tope. Zile chembe za dawa ni za zambarau, zinabaki kwenye kucha hata ukinawa kwa majivu. Domowazi mmoja anabaki hai. Anafungwa mguu kwa uzi wa nyavu kwenye kigingi kifupi kilichozama majini, ili wenzake wakipita juu wamwone amesimama wadhani pana chakula na usalama. Uzi unapita juu ya goti, ukifunga chini unateleza akitikisa. Lazima umshike mdomo kwanza. Ule mdomo haufungi katikati, kuna nafasi, ukimwinua dhidi ya jua unaona mwanga unapita. Wenzake wakitua hawachukui muda. Mabawa yanafunguka kama anataka kuruka, halafu anakaa chini, na korongo hakaagi chini hivyo. Nenda katunge hiyo.

NyarDunga
Nani anamshika mdomo?

JichoLaTai
Hilo swali ni zuri kuliko langu.

MtoWaNzoia
Nilikuwa darasa la sita. Mjomba ana vidole vinene, uzi ulikuwa unamshinda. Na baada ya hapo mara moja moja, likizo, ada ikikosekana. Mnafikiri nilijifunza ndege wapi? Wengine mmejifunza kwa programu ya simu, inasikiliza mlio inakuandikia jina. Mimi nikiona kundi liko juu ya mto nakwambia litatua kwenye tuta lipi, upande upi wa upepo, na nani atatangulia. Wale wazee wanalipia hicho. Siwezi kuwapeleka Dunga nikawa abiria kama wao. Mashambani ndiko najua kazi.

MamaWafula
Mwanangu, sikukuuliza ili nikuaibishe. Lakini unatumia neno "likizo" vibaya, wewe na mjomba wako wote.

WaPortVictoria
Natoka upande huo. Iwe ametunga, iwe hakutunga, hizo kamba zipo, na si za mjomba mmoja. Jicho, ungekuja ungeziona kabla hujanunua soda. Nimwambie kijana kitu kingine: mjomba wako akisimama, wale wengine hawajasimama. Umeongea na mmoja tu. Wageni wako watatembea tuta la mjomba, na tuta la pili ni la mtu asiyekujua.

JichoLaTai
Hata kama ni kweli, Holland bado inanikwama kooni.

MzeeWaMenengai
Ndege hawaombi viza, Jicho. Uholanzi wanavisha pete ndege wengi sana wa matopeni. Mimi mwenyewe nimewahi kusomewa moja kwa darubini.

Kijana, sikiliza mambo ya kazi. Kanyaboli iko karibu nawe. Kinamasi cha Yala chote ni kama hekta 17,500, na lile ziwa liko ndani yake. Kuna nzohe, yule swala wa kinamasi, kwenye mafunjo ukiwa na subira. Kuna ngege wale wa zamani, ambao ziwa kubwa limewapoteza, wavuvi watakuonyesha. Mafunjo ni yale yale ya gonoleki wa Dunga. Na ukingoni, maji yakiwa chini, utapata vitwitwi wako. Macho uliyonayo hayajui mpunga peke yake, yanajua matope. Nenda siku tatu kabla yao, utembee peke yako alfajiri, utajua wanatua wapi. Hiyo ndiyo kazi ya kuongoza, hata mimi Elmenteita nilianza hivyo baada ya Nakuru kunitoroka.

MpungaKano
Nikiri ngege ni mtamu kuliko mbuta. Lakini kwelea bado mnawapenda kuliko sisi.

KasukuMjanja
Kwa hiyo bei ya mashua Kanyaboli ni ngapi? Kuna mtu hapa ana shemeji anayetaka kwenda.

WaPortVictoria
Unaelewana na wavuvi. Nenda na sukari na majani chai, mkubaliane bei kabla ya kupanda.

MtoWaNzoia
Mzee, asante. Nimewaandikia wageni usiku huu: Jumanne na Jumatano Kanyaboli, Alhamisi asubuhi mashambani, saa mbili tu, tuta la mjomba peke yake. Pete sijaitaja. Nimeongea na mjomba tena, amesema atawatoa wale domowazi wa kamba Jumatano jioni.

NyarDunga
Atawatoa awapeleke wapi?

MtoWaNzoia
Wako wawili. Mmoja mguu umevimba.

NyarDunga
Usimngoje Jumatano. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna daktari wa mifugo ninayemjua huku Kisumu, nitamuuliza kama anaweza kumtazama. Na hiyo pete iandikie. Kwenye "alikufaje" andika ulivyotueleza sisi, jina la mjomba si lazima.

JichoLaTai
Akiandika, atuletee jibu hapa, tuone alivishwa mwaka gani.

KasukuMjanja
Darubini yangu naiuza, nane kwa arobaini na mbili, macho yote yanaona. Ila kamba ya shingoni sina, uliza mjomba.

MamaWafula
Kasuku, wewe!