Kiruna ya Uswidi, ule mji umehamishwa na kanisa lake: wenyewe walilipwa aje?

Mwana_Ikolomani
Mulembe wote. Nauliza kitu, mwenye anajua anisaidie tafadhali. Huku kwetu Ikolomani, kaunti ya Kakamega, maneno ni mgodi wa dhahabu tu asubuhi mpaka jioni, kila baraza ni kuhama, nani atahama, nani atabaki, ng'ombe wataenda wapi, makaburi ya wazee yatafanywa aje. Sasa kijana mmoja wa bodaboda hapa Khayega akanionyesha video ya kanisa la mbao linatembea barabarani, zima zima na paa lake, ati ni mji unaitwa Kiruna huko Uswidi na wanahamisha mji juu ya mgodi. Hiyo ni kweli ama ni zile video za kutengenezwa na kompyuta? Na kama ni kweli, hiyo Kiruna ni kaunti ama ni mji tu, nani anaiendesha, na wenye nyumba walipewa nini mkononi? Msiniletee siasa za huku, hizo niko nazo za kutosha.

Nyakach_Baridini
Ni kweli kabisa ndugu. Mimi ni wa Nyakach lakini naishi huku kaskazini ya Uswidi, Kiruna nimefika. Kanisa lilihamishwa tarehe 19 na 20 Agosti 2025, tani 672, kilomita kama 5, kwa siku mbili, yaani mtoto anayejifunza kutembea angelipita na kurudi kulingoja. Barabara ilibidi ipanuliwe kutoka mita 9 mpaka 24. Mfalme alikuja kuona na televisheni ya taifa ikaonyesha masaa yote, watu wamekaa tu wanaangalia ukuta ukisonga. Hilo kanisa ni la 1912, lilijengwa kwa umbo la kibanda cha Wasami, wenyeji wa huku.

Sasa uliuliza kaunti ama mji. Iko yote mawili, kuna mji wa Kiruna na kuna manispaa ya Kiruna, na manispaa za Uswidi ziko 290. Ya Kiruna ndio kubwa kuliko zote kwa ardhi, karibu kilomita mraba 20,000, imepakana na Norwe na Finland. Kakamega yenu ni kama 3,000 na mko zaidi ya milioni 1.8, hawa ni kama 22,000 hivi kwa hiyo ardhi yote, nusu msitu nusu mlima. Mlima mrefu wa Uswidi, Kebnekaise, uko ndani ya manispaa, kituo cha kurusha roketi cha Esrange kiko ndani, na kijiji cha Jukkasjärvi chenye ile hoteli ya barafu, watu wanalipa pesa nzuri kulala kwa baridi, hiyo mimi siwezi. Desemba jua halichomozi wiki kadhaa, halafu kutoka mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai halitui.

Kuiendesha: hakuna gavana. Watu wanachagua baraza kila miaka minne mwezi wa Septemba, wanapigia vyama, halafu baraza linachagua kamati ya kuongoza. Shule, wazee, maji, takataka, ramani ya mji, hiyo yote ni manispaa. Hospitali ni ya mkoa. Na kitu nilipenda, hata mgeni akishaandikishwa kama mkaazi miaka mitatu anapiga kura ya manispaa, mimi pasi yangu ni ya Kenya na nimepiga.

Juu ya mgodi. Kampuni ni LKAB, ya 1890, ni ya serikali asilimia 100. Mji ulianza 1900, bosi wa kwanza alikuwa Hjalmar Lundbohm mtu wa mawe, yaani mwanajiolojia. Yale madini ya chuma yamesimama kama ubao mkubwa umeinama, urefu kama kilomita 4, na unaingia chini kuelekea mjini. Wanalipua kutoka chini, madini yanaanguka, halafu mwamba wa juu unafuata, sasa nyufa za ardhi zinasonga pole pole kwenda kwa nyumba. Sehemu kuu ya kazi iko mita 1,365 chini. Usiku wa manane wanalipua na ukilala mjini unasikia kitanda kimeshtuka. 2004 wakaambiwa waziwazi mji lazima usonge. Jumba jipya la manispaa likafunguliwa 2018, kitovu kipya cha mji 2022, kilomita kama 3 mashariki.

Malipo: mwenye nyumba anachagua, bei ya soko na asilimia 25 juu yake, ama ajengewe nyumba nyingine. Hiyo kampuni ndio inalipa, si manispaa.

Mwalimu_Njoro
Asante kwa maelezo lakini tusiimbe sana. Hapa Nakuru kuhamishwa tunakujua, 2014 familia za Kimaasai zilitolewa Olkaria kupisha umeme wa mvuke zikajengewa nyumba za mawe kwingine, na nyumba nzuri si kila kitu, muulize mfugaji. Swali langu ni hili. Sheria yetu ya madini ya 2016 inasema mrabaha, ile pesa mgodi unalipa kwa madini, unagawanywa, 70 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale pale. Kama inafika ama haifiki hiyo ni kesi nyingine. Kiruna inapata ngapi kwa kila tani?

Nyakach_Baridini
Mwalimu umegonga penyewe. Manispaa haina mgao wa tani. Kodi ya kampuni inaenda serikali kuu, faida pia serikali kuu kwa sababu ndio mwenyewe. Manispaa inaishi kwa kodi ya mishahara ya wakaazi, na ukijumlisha ya manispaa na mkoa ni zaidi ya 30 kwa 100. Sasa mtu anapanda ndege kutoka kusini, anafanya kazi mgodini wiki mbili, anarudi kwao, kodi yake inalipwa kwao. Viongozi wa Kiruna wanalalamikia hiyo miaka yote. Kwa karatasi, ile 20 na 10 yetu imewashinda.

Na wapangaji pia si raha. Nyumba mpya kodi yake iko juu kuliko ya ile fleti ya zamani, ile asilimia 25 ni ya mwenye kumiliki.

Akoth_wa_Kondele
Na hao Wasami? Mmesema kanisa lina umbo la kibanda chao, sawa, vizuri kwa picha. Lakini mji ni wa 1900 na wao walikuwa hapo wakichunga zamani kabla ya huyo bosi wa mawe. Wao walipewa bei ya soko ya nini?

Nyakach_Baridini
Dada hapo ndio kugumu. Wanafuga reindia, wale kulungu wa kwenye barafu, wanahama nao mlimani na msituni kulingana na majira, na njia ya mifugo haina hatimiliki ya kuuziana kama nyumba. Wana bunge lao tangu 1993, ofisi yake iko hapo hapo Kiruna, lakini si bunge la kukataza mgodi. Januari 2023 LKAB ikatangaza imepata madini mengine adimu pembeni, yale ya kutengeneza sumaku za magari ya umeme, zaidi ya tani milioni moja, Ulaya yote ikashangilia. Wafugaji wa Gabna, jumuiya moja ya Wasami wa reindia, wakasema mgodi ukifunguliwa hapo njia yao inakatwa katikati. Wanasema mpaka leo.

Na kuhama hakujaisha. Agosti hiyo hiyo ya kanisa, siku chache tu baadaye, wakatangaziwa watu 6,000 wengine na nyumba kama 2,700 zitaguswa. Kuna wenye walidhani wako upande salama.

Mwana_Ikolomani
Asanteni sana, hii imenisaidia kuliko baraza lolote nimekalia. Sasa kwangu shida ni hii, shamba tunakaa ndugu watano na hatimiliki bado iko kwa jina la babu, alikufa zamani. Kampuni ama serikali ikija kesho inalipa nani?

Mwalimu_Njoro
Inalipa mwenye karatasi, na mwenye karatasi yuko kaburini, hapo ndio maneno huanza. Fanyeni urithi saa hii kabla ya mtu kupima chochote, barua ya chifu, cheti cha kifo, muingie korti ya Kakamega ninyi watano pamoja pamoja na dada zenu walioolewa, wao pia ni warithi kisheria, msiwafiche. Pigeni picha za kila mti, kisima na kaburi. Na mjue serikali ikichukua ardhi kwa lazima, sheria ya fidia inaongeza 15 kwa 100 juu ya bei ya soko kwa usumbufu, hiyo haifiki 25 ya Kiruna lakini ni yenu, iulizeni. Mkiwa na mpimaji wenu wa bei afadhali, msitegemee wa kuletwa na upande ule mwingine.

Akoth_wa_Kondele
Na msitie sahihi kitu chochote kwa boneti ya gari.