Samsung S10e ya Marekani inakataa laini zote za hapa. Msaada kabla sijatoa hela nyingine

Mshona Vitenge, Morogoro

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya simu siyajui zaidi ya M-Pesa na kupiga picha magauni, kwa hiyo nijibuni taratibu.

Simu yangu ya zamani ilidumbukia kwenye beseni la vitenge nilivyoloweka, kioo kikafa palepale. Nimekaa wiki tatu na kitochi. Wateja wangu karibu wote ni wa WhatsApp, wananitumia picha ya mshono, namwambia bei, analeta kitambaa. Wiki tatu bila WhatsApp ni kama nimefunga duka.

Jumamosi nikajikaza nikanunua Samsung Galaxy S10e used, 290,000, duka moja karibu na soko la Chifu Kingalu. Muuzaji akaiwasha, akafungua YouTube, wimbo ukacheza bila kukwama hata mara moja. Kamera safi. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Kumbe YouTube ile ilikuwa inacheza kwa hotspoti ya simu yake mwenyewe! Laini hatukuweka. Laini yangu ilikuwa ndani ya kitochi, chini ya betri, nikaona uvivu kukibandua pale mbele ya watu. Uvivu wa dakika moja.

Nafika nyumbani naweka laini ya Voda, kinatokea kisanduku: "SIM network unlock PIN". Naweka Airtel ya mume wangu, hivyohivyo. Halotel ya jirani, hivyohivyo. Juu inaandika simu za dharura tu. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu na anajiona injinia, akajaribu 0000, akajaribu 1234, akajaribu sifuri nane. Zimekataa zote. Sasa anataka aifute yote irudi kama mpya, anasema ikifutwa itasahau.

Nimerudi dukani. Jamaa hata hakushtuka. "Kazi ndogo hiyo dada, inaflashiwa tu, lete elfu 70." Nikamuuliza kama ni kazi ndogo mbona hukuifanya kabla hujaniuzia? Akaanza kupanga makava.

Swali langu: simu hii ni mbovu, ni ya wizi, au ina nini?

Mzee wa Spea

Iuze spea. Kioo cha S10e peke yake kinarudisha nusu ya hela.

Fundi wa Aggrey

Dada, kabla ya yote mnyang'anye huyo injinia simu. Sitanii. Hicho kisanduku kinahesabu. Kila namba ya kubahatisha inapunguza majaribio, na yakiisha simu inagoma hata ukija na namba halali, mpaka upate namba nyingine ya kuondoa huo mgomo. Ameshakula matatu.

Na asiifute. Loki ya mtandao haikai pamoja na picha na meseji zako, ina sehemu yake, ukifuta simu mara mia itabaki vilevile. Halafu kuna baya zaidi: kama mwenye simu wa kwanza aliacha akaunti yake ya Google humo, ukiifuta kwa vile vitufe vya pembeni itawaka ikidai nywila yake. Hapo utakuwa na loki mbili kwa bei ya moja. Ingia Mipangilio, Akaunti, uone kuna jina la nani.

Simu si mbovu. Imefungwa laini. Huko Marekani kampuni za simu zinauza simu kwa kukopesha au kwa bei ya chini, zinaifunga ikubali laini yao tu mpaka mteja amalize masharti. Mteja akiiuza kabla hajaomba kufunguliwa, inasafiri na loki yake mpaka Morogoro.

Sasa nifanyie vitu vitatu, ulete majibu hapa. Piga *#06# utoe ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu ya tarakimu 15, uitume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA kwa kitochi chako, uone wanakujibu ni simu gani. Pili, Mipangilio, Kuhusu simu, niandikie namba ya modeli, inaanza na SM. Tatu, humohumo kwenye taarifa za programu kuna mstari mrefu wa herufi, ndani yake kuna herufi tatu tatu kama ATT, TMB au VZW. Hizo ndizo zinaniambia nani aliyeifunga.

Elfu 70 usitoe kwanza.

Unlock Chapchap

Nafungua simu zote mitandao yote dunia nzima, elfu 60 tu, nusu unatuma kabla. Njoo PM, kwa meseji ya faragha.

Fundi wa Aggrey

Ndugu yangu, unafungua simu ya mtandao gani, kwa njia ipi, na ikishindikana nusu inarudi? Jibu hapa hadharani, PM ya nini.

(Hajajibu. Hawajibugi.)

Bin Likoni, Mombasa

Dadangu pole. Bora yako ni Samsung. Mimi niliuziwa iPhone 11 ambayo chini ya kadi waliweka kijichipu chembamba kama ganda la kitunguu. Kile kinaidanganya simu kwamba kadi yangu ni ya ule mtandao wa Marekani. Ikafanya kazi vizuri miezi minne. Usiku mmoja nikaisasisha programu, asubuhi hakuna mtandao, na aliyeniuzia naye hakuna.

Mwenye kununua iPhone aingie Settings, General, About, atafute mstari wa Carrier Lock. Uwe umeandika "No SIM restrictions". Ukikuta "SIM locked" na huku kadi inashika mtandao, toa kile kitrei utazame chini ya kadi. Mimi sikutazama.

Fundi wa Aggrey

Shekhe umesema kweli. iPhone haina namba ya kuingiza kabisa, loki yake iko kwenye seva za Apple, kampuni iliyofunga ndiyo inayotuma ruhusa. Ndiyo maana mafundi tunaichukia. Nokia zilikuwa zetu. Namba ilipigwa hesabu kutoka kwenye IMEI, unaandika #pw+ na tarakimu zako, ile p unaipata kwa kubonyeza nyota mara tatu, w mara nne, majaribio matano tu. Jasho lilikuwa linatoka! Zikaja modemu za Huawei, mkaita kuchakachua, nazo zilikuwa na majaribio kumi na hesabu yake tulikuwa nayo. Siku hizi namba haipigiwi hesabu na mtu, iko kwa aliyeifunga.

Mshona Vitenge, Morogoro

Fundi, majibu haya hapa. 15090 wamejibu ni Samsung na modeli yake inafanana. Namba ni SM-G970U. Herufi ni ATT, zimejirudia. Akaunti ya Google hakuna, ipo yangu tu ambayo jamaa alinifungulia dukani. Na mbona sehemu ya laini ni moja? Ya shoga yangu S10e inakaa mbili.

Fundi wa Aggrey

Hiyo U mwishoni ndiyo Marekani, na za kule za toleo hilo zinakaa laini moja. Ya shoga yako itakuwa inaishia na F. Usihangaike kutafuta tundu la pili.

Habari njema: IMEI inalingana na simu, haijachezewa. Na fundi yeyote akikwambia dawa ni kubadilisha IMEI, chukua simu yako uondoke. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalikataza hilo, na tangu usiku ule wa Juni 2016 simu feki zilipozimwa nchi nzima, mimi sigusi mambo ya IMEI hata kwa dawa.

Sasa ATT ni AT&T. Ni kampuni ya simu ya huko Marekani. Wana ukurasa wa kuomba kufunguliwa simu, na hata asiye mteja wao anaruhusiwa kuomba. Ni bure. Unajibu kwamba huna namba yao, unaweka IMEI, jina na barua pepe. Wanachotazama ni kama simu ililipiwa yote, ilitumika kwao muda unaotakiwa, na haijaripotiwa kuibwa. Hapo ndipo utajua pia kama umeuziwa ya wizi.

Angalizo moja, na hili ndilo linalowaangusha wengi: wanatuma kwanza barua pepe ya kuthibitisha, usipoibofya ndani ya saa 24 ombi linakufa. Mwambie injinia hiyo ndiyo kazi yake.

Msukuma wa Ohio

Mniruhusu niongeze kwa ndugu walio huku na wanaotumia watu simu nyumbani. Ombeni kufunguliwa simu mkiwa bado mna akaunti. Masharti yanatofautiana, wengine siku 60, za kulipia kabla hata miezi 6, lakini ukiwa mteja ni suala la dakika chache mtandaoni. Ukishaitia kwenye sanduku la nguo, yule shangazi wa Shinyanga ataanza kuhangaika kama dada hapa. Uingereza wamekataza kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, na Japani tangu Oktoba mwaka huohuo. Huku bado.

Na iPhone 14 kwenda juu za Marekani hazina kitundu cha laini kabisa, ni eSIM tu, laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Nilimpelekea mdogo wangu bila kujua. Akazungusha simu pande zote nne kwenye video, "kaka, laini inaingilia wapi?"

Mzee wa Spea

😂😂 Hiyo nayo iuze spea.

Mshona Vitenge, Morogoro

Nimerudi wakuu, siku sita zimepita. Niwaeleze ilivyokwenda.

Ombi la kwanza lilikufa. Barua pepe ya kuthibitisha iliingia saa saba mchana, kijana akaja kuiona kesho yake jioni baada ya mechi. Nikamwambia ukifanya hivyo tena unashona vifungo mwezi mzima. Tukaomba upya Jumanne, safari hii nikakaa naye hapa kibandani mpaka ikaingia, akabofya. Alhamisi wakajibu: imekubaliwa. Namba ndefu ya tarakimu na maelezo yake.

Nikamwambia asiiguse. Nikaiandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kubwakubwa kama vipimo, yeye akawa anasoma moja moja na mimi naingiza. Tarakimu ya tano nikasita, nikafuta, tukaanza upya. Nilipobonyeza mwisho nilifumba macho. Nafumbua, kisanduku kimeondoka, vijiti vya mtandao vimesimama vinne.

Nikampigia mume wangu hapohapo, yuko chumba cha pili.

Ila intaneti haipo. Kupiga inapiga, meseji zinaenda, bando nimenunua la elfu 2, WhatsApp inazunguka tu. Je, hii ni loki nyingine?

Fundi wa Aggrey

Hongera sana dada! Hapana, loki imeisha hiyo, haitarudi hata uibadilishe laini mara ngapi. Kilichobaki ni APN. Simu ilizaliwa na mipangilio ya Marekani, haijui mlango wa intaneti wa hapa. Ingia Mipangilio, Miunganisho, Mitandao ya simu, Majina ya APN. Bonyeza Ongeza. Kwenye jina andika chochote, hata Vitenge. Kwenye APN andika internet, herufi ndogo. Hifadhi kwa vile vidoti vitatu juu, halafu, watu husahau hapa, ichague hiyo uliyoiandika. Zima simu, washa.

Masafa usiwe na wasiwasi, S10 za Marekani zina 800 na 1800 ambazo 4G yetu inatumia. Ukiwa unapiga simu inaweza kushuka ikaandika 3G au H, ukikata itapanda tena. Usije kuniambia imeharibika.

Msukuma wa Ohio

Sikia raha hiyo. Mimi nilikuja huku na Tecno yangu, laini mbili, imefunguliwa, haina deni la mtu, ikashindwa kushika mtandao kwa sababu 3G ya huku ilishazimwa 2022 na 4G ya Tecno ile ilikuwa ya masafa ya nyumbani. Nikaitumia kama saa ya kuniamsha.

Mshona Vitenge, Morogoro

Imekubali. Nimeiita Vitenge kweli.

Ujumbe 212 umeingia kwa mpigo, simu imetetemeka mpaka ikasogea juu ya meza ikafuta nusu ya ile namba ya chaki. Wa juu kabisa ni mteja wa Kihonda aliyeniachia doti mbili za sare ya harusi, anauliza kama nimekufa au nimehama na vitambaa vyake. Ngoja nimpigie.