Densiti na kanieneo: tupeane uzoefu wa siku mada hii ilipokuingia akilini

Mleta mada

Nikiwa kidato cha kwanza tuliulizwa kati ya maji na mafuta ya kula ni kipi chenye densiti kubwa, nami nikajibu bila kusita kuwa ni mafuta, kwa sababu nyumbani tulizoea kusema mafuta ni mazito. Nilikosa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila Jumapili nilikuwa nikiyaona mafuta hayohayo yakielea juu ya mchuzi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini hayazami. Kiswahili chetu hutumia neno "zito" kwa gunia la mahindi na pia kwa uji usiomiminika upesi, ilhali densiti haihusiani na kumiminika: ni tungamo la kitu, yaani gramu au kilo zake, likigawanywa kwa ujazo wake. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1, na ya mafuta ya kula ina gramu 0.92 hivi. Naomba nanyi mtueleze mlivyoelewa.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilifundishwa kanieneo na ngata kabla ya mwalimu. Asubuhi moja, nikiwa na haraka ya kuwahi namba shuleni, nilijitwisha ndoo ya lita 20 bila ngata, na kabla sijafika nusu ya njia utosi ulikuwa ukiwaka moto. Bibi alipenda kusema kwamba ngata hupunguza mzigo, nami nilimwamini mpaka tulipoandikiwa ubaoni kuwa kanieneo ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, kugawanya kwa eneo, nikachora ile ndoo pembezoni mwa daftari. Maji yale ni kilo 20, na kani yake ya kukandamiza ni nyutoni 200 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani). Kitako cha ndoo kikiegemea kwenye sentimita 20 za mraba tu za kichwa, ni paskali 100,000, yaani nyutoni 100,000 kwa kila mita ya mraba. Khanga iliyosokotwa vizuri ikiutandaza mzigo uleule kwenye sentimita 100 za mraba, zinabaki 20,000. Shingo inabeba kilo zilezile, na ndiyo maana shingo iliniuma siku zote, ngata iwepo isiwepo.

Mchangiaji wa pili

Yangu ni ya ukubwani, na iligharimu fedha. Bomba la mvua bafuni kwangu lilikuwa likidondosha maji kinyonge, nikaamua kwamba tangi la lita 1,000 ni dogo, nikanunua la lita 3,000, pana kweli kweli, na kuliweka juu ya mnara uleule wa mita 3. Maji yakaendelea kudondoka vilevile. Fundi, ambaye hakupita sekondari, aliniambia kwa upole, "Mzee, maji hayasukumwi na wingi, yanasukumwa na kimo." Ndipo nilipokumbuka kuwa kanieneo cha kimiminika hutokana na kina, densiti na mvutano wa dunia, na kwamba upana wa chombo haumo kabisa katika kanuni hiyo. Bomba lilikuwa mita 2 kutoka sakafuni, kwa hiyo kitako cha tangi kililizidi kwa mita 1 tu, sawa na paskali 10,000, ukiacha kina cha maji ndani ya tangi lenyewe. Tuliupandisha mnara hadi mita 6, tofauti ikawa mita 4 na paskali 40,000, na siku hiyo watoto walioga mara mbili.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, mwanangu amesoma maelezo yako kisha akaniuliza kuhusu asali, kwa kuwa nayo huitwa nzito. Tulimimina kijiko kimoja katika glasi ya maji bila kukoroga, ikashuka moja kwa moja hadi chini na kutulia pale kama kamba ya rangi ya kahawia. Densiti yake ni gramu 1.4 hivi kwa sentimita ya ujazo. Kwa asali, lile neno lako limesema kweli kwa maana zote mbili.