Cabin Fever ya 2016: tulaumu mfuko au kichwa?

Wakuu, juzi tumekesha watu wanne tukitazama Cabin Fever ya 2016, ile iliyorudiwa, na hadi asubuhi tulikuwa tumenuniana. Kwa ambaye hajaiona: vijana watano wanakodi nyumba porini, maji ya pale yana ugonjwa unaokula nyama ya mtu, na kabla ugonjwa haujawamaliza wanaanza kumalizana wenyewe kwa kuogopana. Hadithi tamu. Ya kwanza ni ya mwongozaji Eli Roth, ya 2002, na wazo lake lilimjia baada ya kuugua ngozi alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la farasi huko Iceland.

Hii ya pili imeongozwa na Travis Zariwny, Roth akiwa miongoni mwa watayarishaji, na skripti kwa sehemu kubwa ni ile ile. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji wa filamu, ikapata asilimia 0. Shemeji yangu anasema tunaionea, filamu ya pesa ndogo tusiidai makubwa. Nakataa. Ile ya kwanza iligharimu kama dola milioni 1.5, ambayo Hollywood ni hela ya chai, ikaingiza takriban milioni 30. Kilichopotea ni kicheko. Roth alikuchekesha, na kabla hujafunga mdomo anakuonyesha dada ananyoa miguu bafuni, wembe unaondoka na ngozi. Pale nilifumba macho. Kwenye hii mpya watu wanaoza na mimi naendelea kumenya karanga.

Karibuni, mnisute.

— Mkuu, kosa lako ni kuanza na ile ya zamani. Mimi ya 2002 sijawahi kuiona. Hii niliitazama kwenye simu, peke yangu, umeme umekatika tangu magharibi, na nilishindwa kwenda chooni. Sasa unaniambia niliogopa kimakosa?

— Huyo hapo juu ana hoja. Na huku Kenya tumekua na filamu za kigeni zilizotafsiriwa na DJ Afro, anayesimulia juu ya sauti ya filamu, tukizitazama kwenye mabanda ya video. Muigizaji hajui kulia, DJ anamlilia, na banda zima linacheka. Ubovu wa filamu unategemea pia umeitazama wapi na nani.

— Tusipindishe mada. Banda likicheka, sifa ni za DJ, si za filamu. Na kuhusu pesa, mleta mada yuko sahihi, tena kuna ushahidi mkubwa zaidi. Psycho ya 1960, filamu ya kutisha, mwongozaji Alfred Hitchcock aliitengeneza na mafundi wake wa televisheni kwa kama dola laki nane, bila rangi. Mwaka 1998 Gus Van Sant akairudia karibu picha kwa picha, yenye rangi, kwa takriban dola milioni 60. Watu hawakuitaka. Hapo mfuko ulijaa mpaka ukapasuka.

— Kwa hiyo kurudia ni dhambi?

— Sijasema hivyo. Chukua Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968, ile ya maiti wanaofufuka na kula watu. Walipobadilisha jina la filamu, alama ya hakimiliki ikasahaulika kuwekwa, ikawa mali ya kila mtu, na ndiyo maana imerudiwa ovyo na kila mwenye kamera. Lakini ile ya 1990 ya Tom Savini inatazamika, kwa sababu Romero mwenyewe alikaa akaandika skripti upya. Barbara, ambaye kwenye ya kwanza muda mwingi amepigwa na butwaa kwenye kochi, akashika bunduki. Kulikuwa na sababu ya kuirudia.

— Mleta mada hapa. Hapo kwa Barbara umenisaidia kusema nilichoshindwa kumwambia shemeji. Zariwny naye alibadilisha, askari wa kiume wa filamu ya kwanza akawa mwanamke, nami nikakaa vizuri nikidhani sasa inakuja. Haikuja. Ila ndugu wa gizani, nakiri, woga wako siwezi kukunyang'anya. Itafute ya 2002, itazame, urudi hapa useme ipi ilikuzuia kwenda chooni.

— Umeme ukirudi, mkuu. Safari hii naitazama mchana.