Naomba ushauri: binti yangu anaona mashairi ni adhabu, nifanyeje ayapende?

MamaZai_Mbagala

Habari za jioni wanajukwaa. Nina binti wa miaka 9, yuko darasa la nne, na mdogo wake wa kiume ana miaka 5, huyo kazi yake ni kurukaruka tu. Mimi nimelelewa na babu aliyekuwa mgonjwa wa mashairi. Enzi za Redio Tanzania (RTD), kipindi cha mashairi cha Malenga Wetu kikianza, nyumba nzima kimya, hata kuku wanafukuzwa uani. Babu alikuwa anaghani pamoja na redio huku amefumba macho. Nusu ya maneno sikuyaelewa, ila mahadhi yale ninayo mpaka leo, nikiosha vyombo yanakuja yenyewe. Natamani wanangu wapate hata robo yake.

Sasa binti akisikia tu neno "shairi" anakunja uso. Kwake shairi ni daftari: lina beti ngapi, mishororo mingapi, kichwa gani kinafaa, mshairi anatuasa nini. Juzi nimemsomea moja kabla ya kulala. Nilipomaliza akaniuliza, "Mama, maswali yako wapi?" Nilicheka, lakini iliniuma.

Nianze na mashairi gani? Niliyonayo ndani ni ya watu wazima, mapenzi na siasa, na mengine Kiswahili chake hata mimi nashika kamusi. Nimfafanulie kila neno au nimwache? Na huyu mdogo niwachanganye au kila mmoja kivyake? Baba yao anasema niachane na mambo ya kizamani. Naombeni uzoefu wenu. Mwenye kejeli aende jukwaa la siasa.

Kipanga_wa_Ubungo

Mpe simu aangalie katuni, wewe ulale zako.

Natania dada. Nimeweka kiti hapa nasubiri wajuzi, na mimi ninaye mmoja wa hivyo hivyo.

Mwl_Chalinze

Dada, mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi, ngoja nikupe upande wetu kwanza. Darasani nina watoto zaidi ya 80 na kipindi ni dakika 40. Swali la "shairi lina beti ngapi" linasahihishika. Swali la "shairi limekufanya uwaze nini" halisahihishiki, ukilitoa utakesha na madaftari. Basi tunahesabu. Sitetei, naeleza tu kwa nini binti yako anasubiri maswali.

Nyumbani huna mtihani, kwa hiyo kazi yako wewe ni sikio. Ningekuwa wewe hata hilo neno shairi ningelificha kwanza. Anza na vitendawili wakati ugali unaiva. Anza na vitanza ndimi, watu wa Liwale na wali wao, mdogo atagaragara kwa kicheko. "Ukuti, ukuti" ambayo wanacheza uwanjani wameshikana mikono ni ushairi mtupu, ina mapigo, ina takriri, na hakuna mtoto aliyewahi kuomba afafanuliwe kuti ni nini ndipo acheze.

Wakishazoea, cheza makofi. Kila silabi kofi moja. Anza na majina yao, halafu vitu vya ndani. Sufuria, makofi manne. Mtu, makofi mawili. Mbuzi, mawili. Hapo subiri ugomvi, maana mmoja atauliza kwa nini "m" ya mtu imepata kofi lake na "m" ya mbuzi haijapata. Usikimbilie kueleza. Waambie waseme polepole, wasikie wenyewe m-tu, mbu-zi. Mtoto akishaligundua hilo kwa sikio lake, mizani ameshaimaliza, na wewe hujataja mizani hata mara moja.

Huyo mdogo usimtenge. Kwenye makofi atamshinda dada yake.

BibiKibokoni

Mwanangu, salaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina wajukuu, na simu hii wamenifunza wao.

Mashairi yetu hayakutungwa yasomwe kimya kimya. Ni ya kughani. Siku hizi mtu anasoma utenzi kama anasoma risiti ya umeme, halafu ashangaa mtoto amelala. Wewe babu yako alikuachia mahadhi, basi tumia hayo hayo. Sauti nzuri si lazima. Mtoto anataka sauti ya mamake.

Hayo ya kufafanua kila neno, wacha. Watoto wetu wanasoma kaswida za Maulidi kwa Kiarabu wasichokijua, na wanazipenda, wanagombea kuongoza. Neno likimwasha atauliza mwenyewe. Akiuliza, mjibu kwa maneno mawili, endelea.

Na usidhani kumpa mtoto ushairi ni mambo ya shule. Mwana Kupona wa Pate aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akampa binti yake, Mwana Hashima. Mama amwambia mwanawe njoo uketi, twaa wino na karatasi. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe, wa kike akampa Utenzi wa Hati, wa kiume akampa Utenzi wa Adili. Sisemi umsomee wa miaka 9 huo utendi wa Mwana Kupona, mle mna mambo ya mke na mume, yatasubiri. Nasema ni desturi ya nyumbani kabla haijawa ya darasani.

Mimi na wajukuu twacheza hivi. Utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinageuka. Basi mimi natoa vitatu, wao wanatafuta cha nne. Juzi nikawapa:

Paka wetu kala nyama
kajificha kule nyuma
nikamwita akagoma

Mmoja akasema "mbaya sana yule paka", nikamwambia sawa lakini hujanionyesha huyo paka. Mdogo wao akafikiri, akasema: "masharubu ya mchuzi." Yaa Rabi, nilimpa shilingi 50 papo hapo.

MamaZai_Mbagala

Shikamoo bibi. Masharubu ya mchuzi nimecheka mpaka baba yao ameuliza kuna nini.

Mwalimu, makofi tumeyajaribu jioni hii. Za-i-na-bu, manne. Ugomvi wa mbuzi umekuja vilevile ulivyosema, na haujaisha. Binti anadai mbuzi ni makofi matatu kwa sababu "mbuzi wetu anaitwa hivyo kwa kuvutwa".

BibiKibokoni

Marahaba mwanangu.

BabaPacha

Kwa wakubwa kidogo, ngonjera ndiyo dawa. Watu wengi wanaijua ngonjera ya mahafali tu, watoto wamepangwa mstari mbele ya mgeni rasmi wanakemea rushwa. Na ni kweli baada ya Azimio la Arusha, 1967, washairi akina Mnyampala na chama chao cha UKUTA waliieneza kwa kufundishia siasa, ndiyo maana mpaka leo ina harufu ya hotuba. Lakini ukiivua hotuba, ngonjera ni watu wawili wanabishana kwa vina. Nyumbani kwangu nina pacha wa miaka 10, wa kike na wa kiume, kubishana ndiyo kazi yao. Nikawaambia kuanzia leo ugomvi wa rimoti hausikilizwi mpaka uje na vina. Huu wa kwanza nimewasaidia, hasa kwenye mizani, ila maneno ya matusi ni yao.

Kaka:
Rimoti nipe haraka, mpira nataka ona
Katuni umeziweka, tangu juzi tena jana
Macho yatakupofuka, usijue ni mchana
Dada acha kunicheka, rimoti haina bwana.

Dada:
Kaka umekuja mbio, hata shikamoo huna
Mpira wako wa leo, kesho waonyesha tena
Kaoge, vaa na nguo, unanuka jasho sana
Kisha omba kwa kituo, rimoti haina bwana.

Hiyo shikamoo ni kwa sababu wa kike alitangulia kuzaliwa na hajawahi kuacha kutukumbusha.

Faida niliyoiona: wakitafuta neno la kumalizia wanapekua msamiati wote walio nao. Wa kiume alikaa muda mrefu anatafuta neno linaloishia na "na" la kumtukana dada yake, na katika kutafuta akaja kuniuliza maana ya "laana", "hiana" na "fitina". Mwalimu gani angempa maneno hayo akayataka mwenyewe?

Fundi_Mizani

Nimehesabu beti zote mbili. 8 kwa 8, imetimia. Hata "shikamoo" umeipa silabi nne kama inavyostahili. Hongera mkuu.

Dada mleta uzi, shikilia hapo hapo kwenye vina na mizani. Usije ukapotoshwa na watu watakaokuja kukuambia mtoto aandike anavyojisikia. Hayo ni maguni, mashairi yasiyotimiza vina na mizani. Mtoto akianza na maguni harudi tena kwenye nidhamu.

Msomi_Mlimani

Nilijua tu utakuja. Ndugu yangu, ugomvi huu watu waliupigana tangu Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, mwaka 1974, wakatukanana magazetini, na leo mashairi huru yanafundishwa sekondari sambamba na ya mapokeo. Hakuna aliyekufa.

Dada, vina ni mchezo mtamu, sipingi hata kidogo. Ila kuna vitu mtoto anaviona ambavyo ukimlazimisha mizani 16 vitamponyoka. Mpwa wangu wa miaka 8 alitoka shule amebanwa kwenye daladala, akaniambia nimwandikie:

Konda anasema nafasi bado ipo.
Nafasi yenyewe ni miguu yangu.

Ungemwambia atafute kina cha kati angeishia na "tusafiri kwa amani, abiria tupendane". Watoto wetu wanajua sana kutoa mawaidha, maana mashairi mengi wanayopewa ni mawaidha: tunza mazingira, heshimu wazazi, UKIMWI unaua. Jaribu kumpa shairi lisilomwasa chochote uone uso wake.

Fundi_Mizani

Hicho cha konda ni kichekesho kizuri. Sijasema ni shairi.

Mwl_Chalinze

Mzee Fundi, nakuheshimu, lakini kwenye hili la mawaidha Msomi amenigusa. Nimepekua mashairi niliyofundisha muhula huu, karibu yote yanamwambia mtoto afanye kitu. Hakuna hata moja linalomchekesha. Hilo la konda Jumatatu naliandika ubaoni, na sitauliza lina beti ngapi.

Mbeba_Maboksi

Wakuu niko Marekani, kijana wangu ana miaka 7. Kiswahili anasikia, lakini akijibu anajibu Kiingereza. Vitabu nimenunua, vimekaa. Kilichofanya kazi ni mama yangu kule Tanga. Nilimwomba awe anamtumia ubeti mmoja kwa sauti ya WhatsApp, maneno yoyote, mvua imenyesha, embe limeanguka juu ya bati. Anamwita "mume wangu" kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao, na kila ubeti anaumalizia na swali: mume wangu, kwenu huko kunani?

Sheria ni moja, mume lazima amjibu mke wake kwa Kiswahili. Mwanzo alikuwa ananijia mimi nimtafsirie. Sasa anajifungia chumbani anarekodi, anafuta, anarekodi tena. Vina hana, mizani hana, Fundi asije akanishitaki. Lakini juzi nimemsikia anaghani kwa sauti ya bibi yake, na lafudhi ya Tanga kabisa, mtoto ambaye Tanga hajawahi kufika.

MamaZai, kama babu yako bado yupo, mrekodi. Kama hayupo, wewe unayo mahadhi yake, jirekodi mwenyewe.

Dada_wa_Eldoret

Huku Kenya watoto hupenda mashairi kwa sababu ya tamasha za shule. Wanakariri kundi zima, kuna ishara za mikono, kuna kuruka, na shule zinashindana. Lakini naona tatizo lake pia. Mtoto anafunzwa kupanua macho na kutikisa kichwa mpaka maneno yanapotea, na tamasha likiisha shairi nalo limeisha. Kwa hivyo nyumbani nisingemfanya asimame mbele ya wageni. Kwa wangu, niliwanyamazisha kabisa shangazi zake, "hebu tusomee lile shairi" marufuku.

Kama unapata Taifa Leo, kuna ukurasa wa mashairi ya wasomaji. Huwa tunachagua moja tunalisoma, na mara nyingi tunalikosoa. Mtoto anafurahi sana kugundua kwamba mtu mzima amechapishwa gazetini na mizani zake zimezidi.

Fundi_Mizani

Huyo binti wa Eldoret nimpe salamu. Anafaa kuwa mhariri.

MamaZai_Mbagala

Asanteni sana, nimenakili karibu kila kitu kwenye daftari. Babu alishatangulia, Mungu amrehemu. Hilo la kurekodi nitalifanya wakilala wote, naona aibu.

Mrejesho mfupi. Nimewasomea ngonjera ya BabaPacha. Wa miaka 5 alipewa kaka, hajui kusoma, nikawa namnong'oneza, anaipayuka. Binti alikataa kuwa dada kwanza, anasema dada wa kwenye shairi "ana maringo". Walipofika mwisho wakataka kujua rimoti kapata nani. Nikasema haijaandikwa. Binti akaona huo si uungwana, lazima mama naye awe na ubeti wake, akaondoka na kalamu. Kaanzia mwisho, mstari wa chini ndio huu:

Waya nimeuchomoa, rimoti haina bwana.

Mishororo mitatu ya juu bado, anasema atamalizia kesho.

BabaPacha

Nimewasomea pacha. Wamekasirika wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra.

Fundi_Mizani

8 kwa 8. Mwambie kina cha kati alichochagua ni "a", chepesi kuliko vyote, asije kesho na visingizio. Naisubiri hiyo mitatu.