Tupeane uzoefu: Vifaa vya Keya vilivyofumuliwa, kushonwa upya au kutiwa rangi

Mwanzilishi, Nakuru: Wakusanyaji wenzangu wa vifaa vya Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki), leteni visa vyenu. Naanza. Huku Lanet nilionyeshwa mkanda wa jeshi la Uingereza wa muundo wa 1937, nikaambiwa haujaguswa kamwe. Mgongoni zile bizimu mbili ndogo za kushikia kanda za mabega hazikuwepo. Nilipouinamisha kwenye mwanga, matundu ya sindano yalikuwa bado yamejipanga, na palipokuwa na bizimu kitambaa kimebaki na rangi nzito kuliko kwingine. Zilifumuliwa ili mkanda uvaliwe na suruali ya kawaida. Niliununua kwa bei ya mkanda uliofumuliwa na sitaushonea bizimu nyingine. Kama aliyezitoa ni mzee mwenyewe baada ya kurudi kutoka vitani Burma, hiyo ni sehemu ya historia yake.

Mjukuu wa Keya, Kakamega: Naunga mkono. Kifuko cha risasi cha babu ni kijani kwa nje na kaki kwa ndani, wanunuzi wakadai kimepakwa juzi. Sivyo! Ile ni Blanco, askari walikuwa wakiipaka wenyewe kwa brashi na maji. Gusa kwa kitambaa chenye unyevu, inatoka kama vumbi. Rangi ya kutia nguo huzama mpaka kwenye uzi wa mshono. Tafadhali, msivifue.

Nyar Kisumu: Mimi hutembea sokoni Kibuye na tochi ya kukagulia noti bandia. Kuna kifuko ambacho mshono mmoja uling'aa buluu, dalili ya uzi mpya, mingine kimya kabisa. Lakini kilichofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa chote hata kiwe cha zamani, kwa hiyo huwa naomba ruhusa nichome kincha cha uzi. Pamba huwa jivu. Poliesta, yaani uzi wa kisasa, huyeyuka ikaganda kuwa kidonge kigumu.

Wa Bungoma: Mihuri jamani! Alama ya mshale ya mali ya jeshi ikiwa peke yake ni Uingereza, ndani ya C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini. Nilishika kifuko chenye "M.E.Co. 1941", yaani Mills Equipment Company, na wino ulikuwa umeingia hadi kwenye ncha za nyuzi zilizochanika. Muhuri wa kiwandani huchakaa pamoja na kitambaa, kwa hiyo huo ulipigwa baadaye. Nilikirudisha.

Mwanzilishi, Nakuru: Asante sana. Mwenye mshale wa U unaosomeka vizuri atuwekee picha, nilinganishe na begi langu ambalo muhuri wake umefifia nusu.