Mrejesho: Deni la 118,000, miezi saba baadaye

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Mwezi wa tatu niliuliza kama nichukue mkopo mpya kufunga mikopo minne, jumla shilingi 118,000, kwa mshahara wa 38,000. Mlinikataza. Leo imebaki 41,000, zote za sacco.

Kilichosaidia ni mpangilio. Mkopo wa simu wa 9,000 ulitozwa asilimia 15 kwa mwezi, yaani 1,350. Sacco ni asilimia 1. Wa simu ukalipwa kwanza, sacco ikapewa kiwango chake cha kila mwezi tu. Wengi wetu humlipa anayepiga simu sana badala ya anayetoza sana, na hapo ndipo deni hunenepa.

Benki nendeni na barua: kiasi mnachoweza, tarehe, na nakala yenu igongwe muhuri. Mkopo ukishakwama, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya hakiruhusu riba izidi deni la msingi lililokuwapo siku ulipokwama. Kwa hivyo ombeni taarifa inayotenganisha msingi, riba na ada. Kwenye yangu ada ya 2,400 ilikuwa imetozwa mara mbili, imefutwa.

Matumizi ya nyumbani ni 3,500 taslimu kila Jumatatu. Nyanya na viazi soko la Kongowea, Mombasa, asubuhi, si kibandani kwa mafungu. Huduma ya simu ya kukopa pesa salio likipungua ifungeni kabisa, maana pesa ikiingia humezwa kabla hamjaigusa.

Na mkimaliza mkopo, daini barua ya kumaliza deni siku hiyo hiyo. Bila barua hiyo, ni vigumu kupinga jina likibaki CRB, yaani kwenye rekodi za wadaiwa ambazo wakopeshaji huzitazama.